Dereva Mmoja, Kuku Mmoja

Jumatano, tarehe 7 Agosti 1996

Baridi. Burale amekuja. Huyu hununua vyuma vikuukuu, ana lori, ana mizani, ana meno meupe mno kwa mtu wa kazi chafu hivyo. Hodi hakupiga. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya Karai, akalipiga tairi teke. Nikamuuliza kama kwao ng'ombe hupigwa teke kabla ya kununuliwa. Akasema, Mama, chuma ni chuma.

Chuma! Karai ni gari la spoti. Jekundu, viti viwili, paa hakuna, limelala chini kama karai lililofunikwa, ndiyo maana ya jina. Mume wangu marehemu, Mulongo, aliachiwa Karai na bosi wake mzungu wa reli wakati wazungu wa reli walipofungasha. Gari hilo lilishiriki mbio za kupanda kilima kule Ukambani mwaka wa sabini na moja. Gari moja moja, mwenye saa juu, mwenye bendera chini. Mulongo alirudi na kikombe. Kikombe kilipotea tulipohama nyumba za reli kuja hapa mtaa wa Fedha, Nairobi. Aluoch, jirani yangu wa ukutani, husema kikombe hakikupotea, ila hakikuzaliwa. Mwanamke yule ana mdomo kama mlango wa posho mill, haufungwi.

Nimemfukuza Burale kwa ufagio. Ndipo nikajua ni mwanangu mwenyewe aliyemwita. Wekulo! Niliyemnyonyesha miaka miwili na nusu! Amejitetea kwamba Everline mkewe anataka kujenga chumba cha watoto pale Karai lilipo. Watoto watatu wanalala kitanda kimoja kama ndizi za mkungu. Nikamwambia mimi nililala na ndugu saba na mbuzi mmoja na sikukonda.

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekata shauri. Jumamosi hii kuna mazoezi na Jumapili kuna mbio kwenye kilima kilekile cha Ukambani, za watu wa kawaida, si za matajiri. Wekulo ni fundi wa mitambo Industrial Area, amelishughulikia Karai kila Jumapili miaka miwili, linanguruma. Alikuwa anataka kulipandisha mara moja tu kabla ya kuliaga. Basi nikasema: likifika juu ya kilima, haliuzwi kamwe, na chumba kijengwe upande wa pili, juu ya bustani yangu ya kunde na mrenda. Lisipofika, Burale aje Jumatatu na lori lake.

Everline amekubali haraka mno. Aluoch alikuwa shahidi, maana kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta tangu mwanzo.

Nimeandika haya yote kwa kalamu ya mjukuu. Laban, mwalimu wetu wa ngumbaru, alituambia anayejua kusoma na haandiki ni kama anayejua kupika na hali. Mimi napika na nakula.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Nimewaza. Nimepata!

Mulongo alikuwa na neno moja kuhusu kilima kile. Alilisema akila, akioga, hata siku anaumwa alilisema. Kilima hakipendi mzigo. Basi. Mtu mzima hasemi neno moja miaka ishirini kama halina maana.

Wekulo alipoenda kazini nimefungua buti ya Karai. Aibu! Gunia zima la mchanga! Mtu anaenda kushindana kupanda kilima na gunia la mchanga, kama anaenda kujenga choo. Tena kuna tairi la akiba. Tena jeki. Tena mkebe mwekundu mzito umefungwa kando ya kiti kwa mkanda, una mdomo kama wa bata, sijui ni wa rangi au ni wa nini. Vyote nimetoa. Mgongo unaniuma, lakini nimetoa. Tairi, jeki na mkebe viko chini ya kitanda changu. Mchanga nimeanza kusugulia sufuria. Mzuri sana, unatoa masizi ya mwaka jana.

Wekulo sijamwambia. Mtoto ukimwambia kila kitu anaanza kufikiri.

Kitu kimoja kimebaki ndani ya Karai. Kuku wangu wa madoadoa, anaatamia mayai tisa chini ya kiti cha abiria. Wekulo anataka atolewe. Nimemwambia kuku anayeatamia hahamishwi, mayai yataviza. Na kuku ana uzito gani? Hata kilima hakitajua kama yupo.

Everline amerudi kutoka kazini jioni. Anafanya kazi ofisini, wana simu. Nilikuwa nimemwagiza apigie watu wa mbio na kuhakikisha jina langu liko kwenye orodha pamoja na la Wekulo, maana bila jina hupitishwi langoni. Amesema amewapigia. Amewatajia Wekulo Mulongo, dereva, na Kukhu. Aliyeshika simu akauliza, Kukhu? Akasema ndiyo, Kukhu mmoja. Aliyeshika simu akacheka, akasema vizuri, karibuni sana.

Nimefurahi. Jina langu ni Khavere, lakini kwetu bibi ni Kukhu, na Fedha nzima inaniita hivyo, hata askari wa lango, hata muuza maziwa. Kumbe nimejulikana hadi Ukambani!

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Aluoch hajafunga mdomo tangu saa moja asubuhi. Mwanawe Ochola naye anashindana. Ana gari la milango miwili lililobandikwa karatasi za kila duka la vipuri la Nairobi, huwezi kujua rangi yake ya kuzaliwa. Ameliosha mara tatu leo. Aluoch amekaa hapo kwenye kiti, anatazama kama anayetazama mwana akibatizwa.

Amenipigia kelele juu ya ukuta kwamba mwanawe analenga kikombe, na kwamba kikombe cha kwao kitaonekana kwa macho. Nikamjibu kwamba mbwa anayebweka sana ni yule aliyefungwa. Akasema hilo si jibu. Nikasema nilikuwa naongea na mbwa.

Ochola amenisalimia. Niaje Kukhu, kesho tutakuonyesha vumbi. Kijana wa miaka thelathini, fundi wa kaunsili, anamsalimia mama mzima niaje! Nikamwambia vumbi nimelijua kabla babake hajavaa suruali. Akacheka. Hilo ndilo tatizo la Ochola, hakasiriki. Mtu asiyekasirika utamshinda vipi?

Shida nyingine. Karai lina viti viwili: cha Wekulo na cha kuku. Juu ya kiti cha kuku kumepangwa vifaa. Mimi nitafikaje? Everline anabaki na watoto. Amesema, kwa sauti laini kama sabuni, Mama, si Ochola ana nafasi?

Nimelala chali nikitazama mabati kwa muda mrefu. Nimekubali. Nitasafiri ndani ya gari la adui. Hata Yusufu alifika Misri kwa msafara wa watu wengine.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Sikulia.

Safari njema. Aluoch alikaa mbele, mimi nyuma na helmeti magotini kama nimebeba tikiti maji. Wekulo alikuwa mbele yetu ndani ya Karai, watu barabarani wakipunga mikono. Nilinyoosha shingo ili wajue ni langu.

Tukafika langoni. Hapo kuna bwana mmoja anaitwa Makau, mkaguzi mkuu, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa karatasi. Ana ubao na orodha. Aluoch akapita. Mimi nikaambiwa, Mama, jina lako halipo.

Halipo vipi? Nikamwambia asome tena. Akasoma kwa sauti, watu wote wakisikia: Gari namba kumi na saba. Dereva mmoja, Wekulo Mulongo. Kuku mmoja.

Kuku!

Nikamwambia Kukhu ndiye mimi. Akaniangalia kuanzia leso hadi raba. Akasema, Mama, hapa imeandikwa kuku. Nikamwambia ni Kukhu, kwa kh, kama kukohoa. Akasema yeye ni Mkamba na kwao kuku ni kuku, hakohoi. Watu walicheka mpaka wenye bendera wakashuka kilimani kuuliza kuna nini. Aluoch alishika nguzo asianguke.

Balaa halikuishia hapo. Kumbe wapishi wao walikuwa wamemsubiri kuku huyo tangu alfajiri! Aliyeshika simu alidhani ni mchango wetu wa chakula cha mchana cha maofisa. Sufuria iko motoni, vitunguu vimekatwa. Makau akainama ndani ya Karai kutafuta kuku wake. Na akampata! Madoadoa, amekaa juu ya mayai yake, anamtazama kwa jicho moja.

Nikapita chini ya kamba ya lango bila ruhusa. Nikamwambia Makau akimgusa kuku anayeatamia, laana yake itampata hadi ukoo wa nne. Akajikuna. Akasema yeye ni mtu wa karatasi. Kuku ama ni chakula ama ni abiria wa gari namba kumi na saba, nichague. Nikasema abiria. Akaandika. Akapiga muhuri! Kuku akapita lango. Mimi nikarudishwa nje ya kamba.

Kisha ukaguzi. Makau akauliza kizima moto kiko wapi. Wekulo akapapasa kando ya kiti. Hakuna. Akapapasa tena. Kizima moto ni kitu gani, nikauliza kutoka nje ya kamba. Mkebe mwekundu, Mama, una mdomo kama wa bata, bila huo gari haliruhusiwi hata kuwashwa.

Niliangalia mawingu. Nikasema Fedha siku hizi wezi wamezidi.

Ni Ochola aliyetuokoa. Alimaliza zamu yake ya mazoezi, akafungua cha kwake, akampa Wekulo. Hata hakusubiri kuombwa. Aluoch akasimama karibu nami ahakikishe nimeona.

Basi Karai likaondoka. Lilinguruma, watu wakageuka. Lilipita kona ya kwanza, likapita ya pili, nikaanza kupiga vigelegele. Kona ya tatu wanaiita Kona ya Mbuzi kwa sababu ni mbuzi tu aipendaye. Hapo Karai likasimama. Magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka tu, yanatupa kokoto, gari haliendi, linatikisa makalio kama bibi harusi. Kisha likaanza kurudi chini pole pole, kinyumenyume, mpaka kwenye bendera.

Wekulo akashuka. Akafungua buti. Akatazama ndani. Akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole, Mama, mchanga uko wapi?

Nikasema wezi. Akauliza mwizi gani anaiba mchanga. Nikasema mwizi anayejenga.

Akafunga buti. Tumerudi nyumbani. Nikasugua sufuria.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Leo sikwenda kanisani. Sisi wa kanisa la Marafiki huabudu kwa kunyamaza, na mimi leo kunyamaza nisingeweza. Mungu ataelewa, anajua Aluoch.

Nilipanga mambo tangu jana jioni. Uzito! Kama kuondoa vitu hakujatosha, tatizo ni dereva. Wekulo ana tumbo. Jana jioni nilimpa chai ya rangi peke yake, nikamwambia ugali umeungua. Leo asubuhi nikamwambia uji umemwagika. Akasema, Mama, nasikia kizunguzungu. Nikamwambia hicho si kizunguzungu, ni wepesi.

Na Ochola? Ochola nilimpikia! Ugali wa wimbi, mzito kama tofali, matumbo, kunde kwa maziwa. Nilibeba sufuria mbili hadi kwao saa kumi na mbili unusu, nikasema ni shukrani ya kizima moto. Aluoch akatazama sufuria, akanitazama mimi. Akasema, Mama Wekulo, kwetu mpishi huonja kwanza. Nikaonja. Akasema onja tena, upande huu. Nikaonja. Alinionjesha mpaka sahani mbili zikaisha, ndipo mwanawe akaruhusiwa kula. Nilifika kilimani nimefungua vifungo viwili vya sketi.

Langoni Makau alinitambua. Akasema leo nisimame ndani ya kamba, lakini nisiguse gari, maana orodha ni orodha. Nikamwambia mtu akikaa na karatasi sana huanza kufanana nayo.

Kila gari hupanda mara mbili na saa inahesabu. Ochola alipanda ameshiba, anatabasamu, anapiga miluzi ndani ya helmeti. Alipita Kona ya Mbuzi kama amechelewa harusi. Alisema baadaye hajawahi kuendesha akiwa na nguvu vile. Wa tatu kati ya ishirini na wawili! Amepewa kikombe! Aluoch amekiinua, amekibusu, amenionyesha pande zote, hata chini palipoandikwa kilikotengenezwa.

Wekulo, na kizima moto cha Ochola tena, alipanda mara ya kwanza akasimama Kona ya Mbuzi. Akapanda mara ya pili, akipiga miayo ya njaa, akasimama chini zaidi ya mara ya kwanza. Karai likarudi kinyumenyume tena. Mwenye kipaza sauti akatangaza, pole kwa gari namba kumi na saba, dereva pamoja na kuku wake.

Wekulo alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alivua helmeti. Akasema, Mama, tumejaribu. Baba angeelewa. Burale nitamwambia aje mapema nisiwepo kuliona likipakiwa.

Nilimpangusa vumbi usoni kwa leso.

Nikamuuliza, kama anauliza mtu asiyehusika, mchanga hasa ulikuwa wa kazi gani. Akanieleza. Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nyuma pakiwa pepesi, magurudumu hayashiki ardhi, yanateleza. Mchanga ulikuwa wa kukandamiza. Kumbe! Nikasema, na mtu aliyeuondoa, bila kujua, je? Akapima mabega yangu kwa macho. Akasema, mtu huyo ni mzito kiasi gani, Mama?

Alitaka kuokota mawe ayatie kwenye buti. Makau akakataa. Mzigo usiofungwa hauruhusiwi. Lakini akasema hivi, na hapo ndipo nilianza kumpenda kidogo: magari ambayo hayajafika juu yanaruhusiwa kupanda mara moja ya mwisho bila saa, ili mtu asirudi kwake na aibu. Mradi ndani wawe walioandikwa kwenye orodha tu.

Kiti cha abiria kiko mbele kidogo tu ya magurudumu ya nyuma. Kina mkanda wa kufunga.

Nilivuta pumzi. Nilitazama huku na huku. Watu walikuwa wengi. Aluoch alikuwa karibu, na kikombe. Nikamwendea Makau mbele ya wote, nikamwambia, Bwana Makau, hiyo orodha yako iko sawa. Mimi ndimi kuku.

Kicheko kikalipuka, kile cha jana ni utoto. Makau hakucheka. Akapekua karatasi. Akasema, jana ulikataa. Nikasema jana nilikuwa mtu, leo nimejichunguza. Akasema, imeandikwa kuku mmoja, na mmoja tayari yuko chini ya kiti. Hawezi kupitisha wawili.

Kwa hiyo madoadoa alihamishwa. Mimi mwenyewe nilimhamisha, na mayai yake tisa, hadi kwenye leso mapajani mwa Aluoch, maana hapakuwa na paja lingine la kutosha. Nikamwambia asitikisike. Kikombe akakiweka chini. Ilibidi!

Vifaa vya kitini vikashushwa, nikafungwa mkanda. Wakanivisha helmeti ya Ochola juu ya kitambaa cha kichwa. Ochola akagonga kichwani, akasema, uko fiti, Kukhu. Mwenye kipaza sauti akatangaza, gari namba kumi na saba, dereva mmoja, kuku mmoja. Bendera ikashuka.

Siwezi kuandika yote. Upepo uliingia mdomoni, sikuweza hata kumwelekeza Wekulo. Kona ya kwanza nilimwona Yesu kwa mbali. Ya pili kwa karibu. Kona ya Mbuzi magurudumu yakaanza kuteleza, Wekulo akapiga kelele, Mama, rudi nyuma, kalia! Nikakalia. Nilikalia kwa ugali wote wa asubuhi, kwa wajukuu watatu, kwa miaka yangu sitini na minane. Karai likanguruma, likashika, likaruka kona kama swara, na tukasikia watu huko chini wakipiga kelele mpaka mbuzi wa kweli wakakimbia.

Tulifika juu! Juu kabisa! Mita chache baada ya mstari kitu kikalia chini ya gari, tak, na Karai likazima. Klachi imekufa, akasema Wekulo. Lakini alikuwa anacheka, machozi na vumbi vimefanya matope usoni.

Makau akafuata kwa miguu na ubao wake. Akauliza, mzee wako alikuwa Mulongo, yule wa reli? Nikasema ndiye, aliyeshinda sabini na moja. Makau akasema yeye wakati ule alikuwa anauza maji kilimani hapa, anamkumbuka sana. Gari lilizima Kona ya Mbuzi na mzungu akiwa kwenye steringi. Mulongo akashuka upande wa pili, akalisukuma peke yake hadi juu, mzungu ameketi ndani anapunga mkono. Alipofika alikuwa anatapika. Walimpa kikombe cha chai.

Kikombe cha chai.

Wekulo alinitazama. Nilitazama bonde. Chini kule Aluoch alikuwa amekaa vilevile, hajatikisika. Tulinyamaza kama tuko kanisani, dakika nzima, hata mimi. Kisha nikamwuliza Makau, na ni nani aliyetangulia kufika juu, aliyekaa au aliyesukuma? Akasema magurudumu ya mbele ndiyo hutangulia. Mtu wa karatasi!

Nikamwambia kikombe ni kikombe.

Karai limebaki juu, kando ya kibanda cha mlinzi, limefunikwa turubai. Gari la kulivuta lilikuwa limekwenda. Tumerudi wote ndani ya gari la Ochola. Njiani mayai yakaanza kulia. Vifaranga vitano vimeanguliwa mapajani mwa Aluoch kabla hatujafika Tassia, mtaa wa jirani na kwetu.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Burale amekuja na lori. Amekuta nafasi tupu, mafuta kidogo ardhini na manyoya. Nikamwambia Karai lilifika juu, mashahidi ni mia mbili, aulize. Akauliza liko wapi sasa. Nikamwambia juu.

Akacheka mpaka akakaa kwenye bampa ya lori. Akasema, Wallahi Mama, lori langu halipandi huko. Chuma kilicho juu ya kilima si chuma tena, ni mnara. Akaenda zake. Nimeshinda! Haliuzwi kamwe, ndivyo tulivyokubaliana, na Everline hana la kusema.

Everline amesema moja. Kwamba kwa kuwa nafasi ya nyuma sasa ni tupu, fundi anaweza kuanza chumba leo, na mrenda wangu ubaki. Nikamwambia hapana. Makubaliano ni makubaliano. Hapo ni mahali pa Karai. Chumba kijengwe juu ya mrenda. Mafundi wameng'oa mrenda wote saa nne. Nimewasimamia mwenyewe.

Aluoch anasema vifaranga vilivyozaliwa mapajani mwake ni vya kwao. Nimemwambia basi hospitali zingekuwa na watoto wengi sana. Akauliza kuhusu kikombe cha Mulongo, Ochola alimwambia kitu alichosikia kwa Wekulo. Nimemwambia Makau amethibitisha mbele ya Wekulo kwamba kikombe kilikuwepo. Kichwa chake kimetoweka ukutani! Siku nzima!

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Wekulo anasema Karai litakaa kilimani hadi apate klachi nyingine, labda Desemba, labda mwakani. Mwakani! Na mbuzi walile turubai?

Nimewaza. Nimepata!

Klachi ni ya kupanda. Kushuka kunahitaji nini? Uzito. Kama kilima hakipendi mzigo, basi mteremko unaupenda, hata asiyesoma anaona. Kutoka kibandani hadi langoni ni mteremko mtupu. Nimeshafungua lile gunia, nimerudisha mchanga uliobaki. Tairi la akiba lirudi, jeki irudi, mkebe wa bata urudi. Bado mtu wa kiti cha abiria, na mimi nitakuwa nimeshika steringi.

Nimekwenda ukutani kumwomba Aluoch. Yeye ananizidi uzito, hata nguo zake zinajua. Nimemwambia amtunze kifaranga mmoja, awe wake kabisa, ndiyo shukrani. Amelainika. Amesema atakuja, ila ameuliza breki za Karai zikoje. Nimemwambia breki zilitengenezwa kwa watu waoga.

Tunaondoka Alhamisi asubuhi na basi la Machakos. Makau nimemtumia barua, nimeandika mwenyewe: dereva mmoja, Aluoch mmoja.

Wekulo sijamwambia. Nitamwambia tukishafika chini.